Maji Yaliyoiva

Mama yangu ana mengi ya kusemwa, na mengi nimeyasema mimi mwenyewe, tena usoni pake. Lakini uchafu, hapana. Bonde zima la Dra, huku kwetu kusini mwa Moroko, hukuti mwanamke wa kumshinda Itto kwa usafi. Mwaka wa kuhara, nilipokuwa msichana, muuguzi alikuja kijijini akawakusanya wanawake akawaambia wachemshe maji ya watoto. Wenzake walichemsha siku chache, wakachoka kutafuta kuni, wakaacha. Mama hakuacha. Tena yeye hakuchemsha tu. Aliweka sufuria mekoni asubuhi, akatia kitawi cha zaatari, lile jani la mlimani lenye harufu kali, akayaacha maji yatokote mpaka yabaki nusu. Hayo ndiyo aliyoyaita maji yaliyoiva. Maji mabichi, alisema, ni ya punda.

Kisima chetu kimo ndani ya ua, na kwetu hiyo ni heshima, maana mwanamke wa nyumba yetu hatoki na ndoo barabarani kuonwa na kila mtu. Pembeni mwa kisima ni zizi la kondoo, na nyuma ya zizi ni shimo la samadi, kwa sababu mtende usiopewa samadi unabaki nguzo tu. Kila nyumba hapa imejengwa hivyo. Ulipokuja ukame na mto ukawa mchanga mtupu, maji kisimani yalishuka, tukaongeza kamba, tukashukuru kwamba bado yapo.

Kaka yangu Bassou anajenga nyumba za watu Casablanca, na nyumbani huja sikukuu kwa sikukuu. Mkewe ni Touda, msichana wa juu kule milimani, mpole, anayecheka huku amejiziba mdomo. Mimi nimeachika zamani, nikarudi kwa mama na sanduku langu, na jina langu ni Hadda, jina wanalopewa mabinti ili wawe wa mwisho kuzaliwa. Kazi ya wifi inajulikana: ni kumchokoza mke wa kaka mpaka alie. Nilijaribu. Kila nikimrushia neno, Touda alicheka, nami nikajikuta nacheka naye. Mwishowe tukawa tunafuma zulia moja, yeye upande huu, mimi upande ule, tukimsengenya kila mtu.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Moha, jina la marehemu baba. Touda alipata jipu la ziwa, ikabidi mtoto anyweshwe maziwa ya unga, na mama akaichukua chupa ile kama amri ya serikali. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyachanganya. Mtoto akaanza kubadilika rangi, kwanza mdomoni, kisha kwenye kucha, akawa wa kijivu, mchovu, analia bila sauti. Tulimpeleka kwa fakihi, msomaji wa dua na mwandishi wa hirizi, tukampeleka kwenye zahanati, wakasema kifua. Alikufa kabla hajajua kukaa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu kuna jini jike anayeitwa Tabaa, anayemfuata mwanamke na kuwamaliza watoto wake mmoja mmoja. Mkunga alilitaja jina hilo kwanza, majirani wakalidaka, na mama akalishika kwa mikono miwili. Si kwamba alikuwa mkatili. Alimpenda Moha kuliko alivyotupenda sisi watoto wake wa kuzaa, akaamka na huzuni, akalala na huzuni, na ile huzuni ilitaka mtu wa kuangukiwa. Ikamwangukia Touda. Touda alivaa hirizi aliyopewa, akaendelea kukanda unga wa mikate yetu.

Mtoto wa pili alipozaliwa walimwita Idir, yaani ataishi. Safari hii Touda alikuwa mzima, na maziwa yalimjaa mpaka yakalowesha nguo. Mama akakataa. Alisema maziwa ya mwanamke anayefuatwa ni njia ya yule anayefuata, na mjukuu wake hatayaonja. Alimfunga Touda kifua kwa kitambaa kigumu. Nilimkuta wifi yangu zizini akiyakamua maziwa yake juu ya majivu huku mtoto analia chumbani. Nilirudi ndani nikagombana na mama mpaka majirani wakapanda juu ya mapaa yao kusikiliza. Haikusaidia kitu. Alimpigia simu Bassou mbele yetu sote akamwambia kwamba mtoto huyu naye akiondoka, basi Touda arudi kwao, aletewe mke mwingine. Bassou akasema mama ndiye anayejua. Nilimnyang'anya mama simu nikamwambia kaka yangu kwamba yeye ni gunia la saruji lenye masharubu.

Basi ikawa hivyo. Touda alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumponyesha, na akimkosa huyo, amekosa mtoto, mume na nyumba kwa mpigo.

Idir alianza kugeuka rangi wakati wa kuvuna hina. Nilitoka shambani asubuhi na mzigo wangu, nikamkuta Touda amesimama katikati ya ua amempakata mtoto. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya wino. Kucha zake vilevile. Mama alikuwa ameshajifunga shuka la kwenda kwa fakihi, akisema risasi iyeyushwe mara moja na kumwagwa majini ili jini litoke. Touda, ambaye tangu aingie nyumba ile hajawahi kusema hapana, alimpita mama, akafungua mlango mkubwa, akatoka miguu mitupu. Nikamfuata. Mama akatufuata nyuma akilaani na kulia. Jirani mmoja alikuwa anapeleka majani ya ng'ombe mjini kwa gari lake, tukapanda juu ya majani.

Hospitalini bawabu aliruhusu watu wawili tu kuingia na mgonjwa, kwa hiyo mama alibaki nje barazani na tasbihi yake. Daktari alikuwa mwanamke wa Fes, Ghita Sqalli, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwekea mtoto kifuniko cha hewa puani. Tulingoja wekundu urudi. Haukurudi. Alisikiliza mapafu, akasikiliza moyo, akayasikiliza tena mapafu, na uso ukambadilika. Mapafu mazima, alisema, moyo mzima, hewa inaingia kama inavyotakiwa, na mtoto anazidi kuwa buluu.

Akamchoma akatoa damu. Sijawahi kuona damu ya namna ile. Ilikuwa ya kahawia, kahawia ya chokoleti. Alidondosha tone kwenye kitambaa cheupe akakipunga hewani, akatuambia kwamba damu ya kawaida, hata iwe nyeusi kiasi gani, ikikutana na hewa inakuwa nyekundu. Tukatazama wote. Tone lilibaki vilevile. Hapo akaacha kutuuliza habari za ugonjwa akauliza habari za maji. Mtoto anakunywa nini? Maji yanatoka wapi? Zizi liko umbali gani na kisima?

Dawa yenyewe ilikuwa ya buluu, nikadhani watu wa hospitali wametukosea adabu. Aliisukuma polepole kwenye mshipa. Kabla hata chai ya wauguzi haijapoa, mdomo wa Idir uliingia rangi ya waridi, kisha mashavu, kisha masikio, akafungua macho akalia kilio cha njaa. Baadaye alikojoa mkojo wa rangi ya majani mabichi, na Touda akacheka, akashindwa kuacha kucheka, mpaka ikawa si kicheko tena. Daktari akamwambia amnyonyeshe. Touda alinitazama mimi, halafu akautazama mlango ambao nyuma yake alikuwa mama, halafu akakifungua kile kitambaa kifuani.

Daktari alitueleza taratibu, naye ana subira ya kueleza. Samadi ina chumvi yake, na chumvi hiyo hushuka ardhini mpaka kwenye kisima. Mtu mzima akiinywa haimdhuru. Tumboni mwa mtoto mchanga hugeuka kuwa kitu kiitwacho nitriti, na nitriti ikiingia kwenye damu inaishika damu isiweze kubeba hewa. Kifua kinajaa hewa, na nyama za mwili zinakufa kwa kuikosa. Nikamuuliza, kwa hiyo hiyo nitriti ni sumu tupu? Akasema hapana, na hapo macho yake yakachangamka kidogo, maana ndilo jambo alilolisomea. Kila mwili una nitriti kidogo, na ina kazi. Pale nyama inapopungukiwa na hewa, nitriti inageuka kuwa gesi inayotanua mishipa ili damu ipite, na hewa ikizidi kupungua, nayo inazidi kusaidia. Lakini ikiwa nyingi, tena kwa mtoto ambaye damu yake bado haijajifunza kujitetea, hiyo hiyo inayosaidia ndiyo inayomnyonga. Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa sababu nimeishi na mama yangu.

Kisha Touda akauliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa. Aliuliza kama kuchemsha kunaiondoa hiyo chumvi.

Daktari akasema kuchemsha kunaua vijidudu, na chumvi si kijidudu. Maji yanatoka na mvuke, chumvi inabaki. Ukichemsha mpaka yabaki nusu, umempa mtoto mara mbili. Touda akamsimulia habari za Moha: kucha, midomo, ile rangi ya kijivu. Daktari alisema hakumwona mtoto huyo na hawezi kuapa. Lakini aliinamisha kichwa, na sisi tukajua.

Sitaficha, moyo wangu uliruka. Mwaka mzima nilikuwa nimemeza maneno, na sasa nimepewa neno moja la kuyamaliza yote. Niligeuka niende barazani. Touda akanikamata mkono.

"Wifi, usimwambie."

"Nisimwambie? Amekuita mwenye jini mbele ya kijiji kizima. Amekufunga maziwa yako kama mbuzi. Leo Mungu amekusafisha, unataka nikae kimya?"

"Mimi na jini langu tumeshazoeana," akasema. "Mama akilijua hili atakufa. Niachie."

Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia na maneno mengine ambayo hospitalini hayasemwi. Alinisikiliza huku anamnyonyesha mtoto, na nilipomaliza akaniomba tena neno lilelile. Nikakubali, kwa sababu jini lilikuwa lake, halikuwa langu.

Tulimwambia mama kwamba daktari ameamuru mtoto anyonye, na maziwa yakipungua achanganyiwe ya unga kwa maji ya chupa ya dukani. Sababu hatukutoa. Mama alikunja uso. Alisema hirizi ndiyo iliyomponya, na kwamba madaktari wa siku hizi hawajui hata zaatari ni nini. Lakini alimwona mtoto mwekundu mikononi mwa Touda, na njia nzima alikuwa akimgusa kisogo kuhakikisha yupo.

Nyumbani mambo yalikwenda vizuri, halafu yakaharibika. Maziwa ya Touda, baada ya kufungwa vile, hayakurudi yote, kwa hiyo chupa ilibaki. Mama aliyatazama yale maji ya dukani kama anamwangalia mgeni mlevi. Yamekaa kwenye plastiki, alisema, yamechomwa na jua juu ya malori, nani ajuaye yametoka wapi. Na mtoto ananyonya kwa yule yule anayefuatwa. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Alikonda. Alikuwa akiingia chumbani kwao kila mara kusikiliza kama mtoto anapumua, na Touda alimwacha aingie.

Siku ya harusi ya binti wa mkunga tulikwenda mimi na Touda kusaidia kupika, tukamwacha mtoto kwa mama na chupa mbili zilizokwisha tayarishwa. Tuliporudi bado jua lilikuwa juu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani, Idir amelala mapajani, ananyonya chupa. Chupa zetu mbili zilikuwa dirishani, zimejaa. Touda alisimama. Nami niliisikia harufu ya zaatari.

Alimchukua mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga. Kucha zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Haikuwa kama mara ya kwanza, lakini zilikuwa zimeanza. Aliinua chupa kutoka mkekani, akaimwaga pale pale chini mbele ya mama, na kwa sauti ile ile yake ndogo akasema maneno ambayo yeye mwenyewe alinizuia nisiyaseme.

"Mama, maji haya ndiyo yanayomfanya buluu."

Mama akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto. "Haya? Binti yangu, haya yameiva."

"Ndiyo. Haya yaliyoiva."

Mama akanigeukia mimi. Maisha yangu yote ananigeukia ili nimpinge, na nilitamani siku ile nimpinge, niseme Touda ameshikwa na wazimu. Niliitikia kwa kichwa tu. Nikamweleza, nikieleza vibaya, zizi, samadi, mvuke, chumvi inayobaki sufuriani, huku Touda anamfunga mtoto mgongoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kisha akauliza, "Na Moha?"

Touda alikuwa na fundo la shuka mkononi, akashindwa kulikaza.

"Moha nilimchemshia zaidi," mama akasema. "Kila alipozidi kudhoofika nilisema hayajaiva. Siku ile ya mwisho nilikaa mekoni toka alfajiri. Yalibaki ya kujaza kikombe kimoja tu."

Hatukuwa na nafasi ya kukaa naye. Tulitoka mbio na mtoto, tukapata gari, na daktari alimwahi. Mara hii hakuhitaji hata dawa ile, alimlaza tu na kumwangalia mpaka rangi ikatulia. Nakumbuka Touda hakumuuliza daktari neno. Alichokuwa akiniuliza mimi, mara kwa mara, ni kama tumemwacha mama peke yake.

Tuliporudi mama hakuwemo chumbani. Nilimtafuta kisimani kwanza, na Mungu anajua nilivyochungulia mle ndani. Kumbe alikuwa kijijini. Alikuwa ameingia nyumba ya kwanza karibu na lango, akatoka, akaingia ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya mwisho, akiwaambia wanawake wasimpe mtoto mchanga maji ya kisima, yawe mabichi au yaliyochemshwa. Wakamuuliza kwa nini. Aliwaambia. Nyumbani kwa mkunga, wageni wa harusi wote wapo, mtu mmoja akasema haiwezekani, mbona inajulikana kwamba Touda ana Tabaa. Mama akasema, "Tabaa mnaye hapa mbele yenu. Mwacheni binti wa watu." Waliosikia ndio walionisimulia. Mimi mwenyewe nilimkuta anarudi pembeni ya ukuta, taratibu, na nilipomshika mkono aliuvuta.

Bassou alikuja. Alilia, akazungushia kisima ukuta na kukitia kufuli, akahamisha zizi nje, akamwomba mkewe radhi mbele yangu. Nilimwambia masharubu bado yapo lakini saruji imepungua kidogo. Touda akacheka amejiziba mdomo. Sasa kijiji kizima kinamheshimu, wanamletea watoto wao awaangalie kucha. Mtu angesema mambo yamekwisha.

Idir amekuwa mkubwa wa kutembea. Ana mashavu, ana kelele, na katika watu wote wa nyumba ile aliyemchagua ni bibi yake. Akiamka anamtafuta. Anamletea mawe, anamletea makokwa ya tende, anayapanga mbele yake. Mama anamzungumzisha vizuri, anamwimbia, anamtajia majina ya kondoo. Lakini tangu siku ile hajamgusa. Hajampakata, hajampa hata kipande cha mkate. Mtoto akimsogelea, mikono yake anaiingiza chini ya shuka. Touda amejaribu kila njia. Humketisha mtoto mapajani pa mama akajifanya anakimbilia moto, na mama hukaa vile vile kama mtu aliyefungwa, mpaka mmoja wetu amwondoe.

Wiki iliyopita Idir alianguka. Alikuwa anamkimbilia bibi yake, akajikwaa kwenye ukingo wa mkeka, akaangukia uso, pale pale miguuni pake. Mama angeinama tu kidogo angemfikia. Alibaki ameketi, mikono imefunikwa, akaita, "Touda! Touda, njoo umwinue mwanao." Mimi nilikuwa kwenye mtambo wa kufumia, karibu kabisa. Nikainuka. Touda alishatokea mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko, akanikataza kwa macho. Naye hakuja. Alisimama pale pale, anamngoja mama.

Mama akaita tena, kwa sauti ya chini, ya kuomba. Touda hakujibu, machozi yanamtoka. Mtoto alilia ameinua mikono yake miwili juu, kwa bibi yake, alilia mpaka akachoka. Kisha akajiinua mwenyewe, akamshika bibi goti, akasimama.